Gia Saba si Gia Saba

Kaseti yangu ya kwanza ilifika Dodoma kwa basi, imefungwa ndani ya boksi la viatu na kuzungushiwa soloteipu kama mzigo wa magendo. Mke wangu aliposikia nimetumiwa kaseti kutoka Dar es Salaam aliuliza ni taarabu ya nani. Nikamwonyesha: vyuma saba vya duara vyenye meno, vimebebana kuanzia kidogo hadi kikubwa kama sufuria za dukani. Akaguna, akarudi jikoni. Kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, heri ningeagiza taarabu.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya milimani, gia tatu mbele na saba nyuma. Nilikuja nayo nilipohamia huku mwaka 2018, katika lile wimbi la watumishi tulioifuata serikali, na kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa starehe yangu. Naamka alfajiri kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, napanda barabara ya Chuo Kikuu. Anayepajua anajua: mjini unaona tambarare tu, unajidanganya kwamba Dodoma yote iko hivyo, kisha vilima vya Chimwaga vinakuja kudai haki yao kwenye magoti. Asubuhi moja nimesimama juu ya pedeli, nimekamata gia ninayoipenda, cheni ikaruka. Kra! Goti likagonga hendeli, nikaishia pembeni mwa barabara nimeikumbatia baiskeli, na wanafunzi wawili wanapita wakijikaza wasicheke.

Fundi wangu yuko jirani na soko la Majengo, chini ya kipande cha turubai. Sitamtaja jina, kila mtu anamwita Mzee, nami namwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekutupa?"

Hakuhitaji kuambiwa, aliona goti. Akachukua rula ya shule, ya mtoto wake nadhani, akaiweka juu ya cheni. Cheni za baiskeli, ziwe za gia moja au 12, zina kitu kimoja kinachofanana: kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi. Kwa hiyo pini ya kwanza ikikaa kwenye sifuri, pini ya 24 baada yake lazima ikae kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni na meno yatapona. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, umechelewa, kwa sababu cheni iliyolegea imeshayachonga meno yafanane nayo, na cheni mpya ukiiweka hapo itaruka vibaya kuliko ile ya zamani. Yangu ilikuwa imepita hata hiyo moja ya nane. Nilikuwa nimeendesha miaka mitatu kwenye vumbi la Nkuhungu na Mkonze, napaka oili juu ya mchanga, nikidhani natunza.

Mzee alikuwa na meno ya gia saba pale pale, yananing'inia kwenye waya. Bei ya kawaida. Lakini mimi ni msomi bwana. Nilikuwa nimeshinda usiku kucha kwenye intaneti, nimejifunza kwamba kitu bora kinaitwa kaseti, na kwamba hivyo vinavyoning'inia kwa Mzee ni teknolojia ya babu. Nikamwambia asubiri, naagiza kitu cha maana. Akasema "sawa" kwa sauti ambayo leo ndiyo naielewa.

Wiki mbili baadaye nikampelekea lile boksi la viatu. Akaitoa kaseti, akaigeuza, akachungulia tundu lake la katikati, kisha akanipa niishike. "Pitisha kidole humo ndani. Unasikia nini?"

Nilisikia mifereji.

"Sasa baiskeli yako ina thredi. Hii utaivalisha wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba gia saba si gia saba. Kuna namna mbili za kukalisha meno kwenye gurudumu la nyuma, na ukiziangalia kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni friwili. Meno na kile kidude kinacholia *tik tik tik* ukiacha kukanyaga, vyote ni kitu kimoja, na kitu hicho chote kinazungushwa kama kifuniko cha chupa kwenye thredi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ya pili ni habu ambayo kidude cha kulia kimejengwa mwilini mwake, kinatokeza nje kama kigogo chenye mifereji, na kaseti ni yale meno matupu yanayovalishwa juu ya kigogo hicho na kukazwa na pete moja mwishoni. Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, ndio walioisukuma hii ya pili hadi ikaenea duniani. Habu yao ya namna hiyo ilitoka mwaka 1978, na mpangilio wa mifereji unaotumika mpaka leo, ule wanaouita HG, ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mifereji ya HG iko tisa na mmoja ni mwembamba kuliko mingine, makusudi, ili kaseti isikubali kuingia ila kwa upande mmoja tu.

Mzee ana kipimo chake cha kutofautisha na hakihitaji kufungua kitu. Shika meno, yazungushe kinyumenyume, halafu uangalie pale katikati ambapo ufunguo wa kufungulia huingia. Kama hapo katikati kunazunguka pamoja na meno, una kaseti. Kama meno yanazunguka na katikati kumetulia tuli, una friwili. Sekunde tano. Mimi nilitumia wiki mbili na nauli ya parseli.

Nilitaka kukata tamaa ninunue kile kilichoning'inia, lakini Mzee ndiye aliyenishawishi nisirudi nyuma, na sababu yake ilikuwa kwenye kopo. Chini ya benchi ana kopo kubwa la maziwa ya unga limejaa ekseli zilizokatika. Alimwaga chini karibu zote. Zilikuwa zimekatika karibu mahali pamoja, upande wa kulia, kama vile zimekubaliana.

Kwenye habu ya friwili, gololi za kulia zinakaa ndani kabisa, nyuma ya meno. Kutoka kwenye gololi hizo hadi fremu inapoikamata ekseli kuna pengo, na kadiri unavyoongeza gia ndivyo pengo linavyokuwa refu. Kwa gia moja si neno. Kwa gia saba, kipande chote hicho cha ekseli kinaning'inia hakina mtu wa kukishika, na kila shimo la barabara linakipinda kidogo, mpaka siku kinasema basi. Habu ya kaseti imelitatua hilo kwa akili: gololi za kulia zimesogezwa hadi kwenye mdomo wa kile kigogo, chini ya meno madogo, karibu na fremu. Ekseli inashikwa pale inapobeba. Kwa mtu wa barabara ya lami hii ni habari ya vitabuni. Kwa anayepita makorongo ya Ntyuka na mtoto kwenye keria, ni tofauti ya kufika na kutofika.

Kwa hiyo tukaamua: tusitafute meno ya kufuata gurudumu, tutafute gurudumu la kufuata meno. Ukitaka kufanya hivyo kitu cha kwanza kupima ni fremu, upana kati ya zile kwato mbili zinazoikamata ekseli, ndani kwa ndani. Baiskeli za mbio za miaka mingi ni milimita 130, za milimani 135, za zamani zenye gia sita au saba utakuta 126, na hizi mpya zenye ekseli nene ya kuchomeka zina 142 au 148. Yangu ilikuwa 135. Mtu akikwambia "panua tu fremu kidogo", muulize kwanza fremu ni ya nini. Chuma kitakusamehe milimita chache. Alumini haisamehi.

Mzee akapata gurudumu la mtumba kwa mwenzake wa Sabasaba. Habu ya Shimano, mifereji tisa, 135 safi. Nikashangilia. Tukavalisha kaseti, ikateleza kama mkono kwenye glovu, tukakaza pete hadi mwisho. Mzee akashika meno akayatikisa. Yakacheza. *Ka-chaka ka-chaka.*

Nilimwangalia Mzee, Mzee akaangalia habu, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana jibu la papo hapo. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kupima. Kigogo cha habu ile kilikuwa kirefu kuliko kaseti. Pete ilikuwa inagota kwenye kigogo kabla haijaibana kaseti.

Usiku nikarudi kwenye usomi wangu, safari hii kwa unyenyekevu, na jibu lilikuwa wazi kabisa kwa anayejua cha kuuliza. Kigogo cha HG hakina urefu mmoja. Kile cha zamani cha gia saba ni kifupi. Kile cha gia 8 kimerefushwa, na kirefu hicho hicho ndicho kinachobeba 9 na 10, kwa sababu kadiri walivyoongeza meno waliyabana yakaribiane: kutoka jino hadi jino, yaani kutoka chuma kimoja cha duara hadi kinachofuata, kwenye gia saba ni milimita 5, kwenye 8 ni 4.8, kwenye 9 ni 4.35, kwenye 10 ni 3.95. Ndiyo maana gia 8 na gia 9 zinakaa nyumba moja bila ugomvi, na ndiyo maana cheni nayo imekuwa ikikonda. Kaseti ya saba ukitaka kuiweka kwenye kigogo kirefu, unatanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma yake, basi.

Pete ya milimita 4.5 ukiitafuta Dodoma utachoka. Tulikwenda kwa kijana mwenye mashine ya kukereza vyuma, yule anayechonga bushi za Fuso, na Mzee akamchorea ardhini kwa msumari. Kijana akauliza ni ya mashine gani. Baiskeli. Akacheka, lakini alituchongea kutoka kwenye bomba la alumini, tundu la milimita 35, unene 4.5, kwa shilingi elfu tano na maelezo mengi ya kwa nini ilistahili kuwa elfu kumi. Tukaivalisha, kaseti juu yake, pete ya kukazia. Mzee akatikisa. Kimya. Maandishi kwenye pete zile za kukazia yanataka nguvu ya nyutoni mita 40, ambayo kwa Mzee ni "kaza mpaka ilie kra-kra, halafu robo tena". Vijino vidogo vilivyo chini ya pete ndivyo vinavyolia, vinang'ata jino la mwisho lisifunguke.

Kuna njia nyingine ambayo tungeweza kuipita, na niliijua baadaye: kuweka kaseti ya gia 8 na kubaki na kibadilisha gia cha saba mkononi. Tofauti ya milimita 0.2 kwa kila jino ni ndogo, na ukiirekebisha ikae sawa katikati, miisho yote miwili inavumilika. Haitakuwa tamu. Ila itakufikisha Bahi.

Ningeishia hapo kama si mwenzangu mmoja wa ofisini, ambaye nitamwita Mheshimiwa kwa sababu ndivyo anavyopenda. Mheshimiwa aliletewa baiskeli kutoka nje, gia moja tu mbele na 12 nyuma, na hizo za nyuma kubwa lina meno 51 kama sahani ya pilau na dogo lina meno 10. Alinipita Chimwaga kama nimepaki. Baada ya mwaka vumbi likafanya kazi yake, cheni yake nayo ikaanza kuruka, na akaja kwangu, maana sasa nilikuwa nimeshapata jina.

"Kaka, kaseti si kaseti tu? Niwekee hata ya gia 9 nisogeze siku."

Haiingii. Na sababu yake naipenda, kwa sababu unaweza kuikokotoa mwenyewe kwenye bahasha. Jino dogo kabisa linaloweza kukaa juu ya kigogo cha HG kwa ukamilifu ni la meno 11. La meno 10, ukipima kwenye mabonde yake ambamo cheni hulala, lina kipenyo cha kama milimita 33, na kigogo chenyewe kinazidi 34. Kigogo ni kinene kuliko jino! Kwa hiyo walipotaka meno 10 iliwabidi wabuni kigogo kipya. SRAM, washindani wa Shimano, walitoa cha kwao mwaka 2012, wakakiita XD, na Shimano wakatoa Micro Spline mwaka 2018, chenye mifereji midogo 23 badala ya tisa. Campagnolo wa Italia hawakuwahi kuwafuata hao wote. Wao tangu zamani wana mifereji yao. Kwa hiyo Mheshimiwa alikuwa na Micro Spline, Mzee alikuwa na rundo zima la HG, na baina yao hakuna mlango.

Niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Kisha nikamsaidia. Kwa kuwa habu nyingi za siku hizi kigogo chake kinabadilishika, angeweza kuagiza kigogo cha HG kinachofuata habu yake, halafu atumie kaseti ya gia 12 inayoanzia meno 11. SunRace, kwa mfano, wanazitengeneza kwa ajili ya HG. Anapoteza jino moja la mwendo kasi, ambalo kwa barabara ya Hombolo sijui alikuwa akilitumia wapi.

Wa baiskeli za mbio nao wana yao, nitaipita haraka. Walipofika gia 11 Shimano walirefusha kigogo tena, kwa milimita 1.85. Kaseti ya mbio ya gia 11 haikai kwenye kigogo cha 8, 9 na 10, inabaki haijakaza. Lakini kaseti ya gia 11 yenye jino kubwa la 34 inakaa humo humo, kwa sababu jino kubwa likiwa pana kiasi hicho linaweza kuegemea ndani, juu ya spoku, bila kuzigusa. Yaani namba ni ile ile, 11, kampuni ile ile, moja inaingia nyingine haiingii. Ukimweleza muuza duka hili anakutazama kama unamtania.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza aboreshe nini, siulizi ana gia ngapi. Nauliza anaishi wapi na kitu kikikatika Jumamosi jioni atakipata kwa nani. Mimi nimebaki na saba. Baadaye nitakwenda nane, kwa sababu kigogo kinaruhusu na cheni ni ile ile. Tisa sina haja nayo.

Lile gurudumu langu la zamani nililitelekeza kwa Mzee, nikidhani litaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwezi uliopita nikaliona Chang'ombe. Nililijua kwa kibandiko cha bluu kwenye rimu, alikibandika mwanangu. Lilikuwa nyuma ya baiskeli ya mwuza maji, madumu manne ya lita 20, kilo 80 bila kuhesabu mwenye baiskeli. Nyuma kuna jino moja tu. Nikaenda kumuuliza Mzee.

"Thredi ni ile ile," akasema. "Ya gia moja, ya gia saba, ile ile. Nilitoa friwili yako nikaweka ya gia moja."

Kuitoa hiyo friwili anasema ndiyo ilimtoa jasho. Friwili inajikaza kila unapokanyaga, na yangu ilikuwa imekazwa na vilima vya Chimwaga kwa miaka. Aliubana ufunguo kwenye jiliwa, akaligeuza gurudumu likalala juu yake, friwili chini, wakashika rimu watu wawili kama dereva wa Fuso anayepigana na usukani, wakazungusha kushoto mpaka ikatoa mlio. Kisha akahamisha washa, vile vipete vya kwenye ekseli, kutoka kulia kwenda kushoto, gololi zikasogea karibu na fremu, akavuta spoku rimu irudi katikati.

"Na ekseli?" nikamuuliza.

Akaniangalia, akasukuma lile kopo kwa mguu hadi mbele yangu.

"Haimo humu. Bado."